Neno Alilolikwepa Mkalimani

Mhubiri mgeni akija kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ya hapa Kebirigo, na Kiswahili chake cha mbali, hatafutwi mtu mwingine. Anaitwa Abner Ogeto. Atatoka shambani na tope la chai kwenye viatu, atafuta mikono kwa suruali, atapanda jukwaani asimame hatua moja nyuma ya mgeni, na tangu hapo hakuna sentensi itakayoanguka chini. Mgeni akikemea, Abner anakemea kwa Kigusii. Mgeni akilia, Abner naye sauti inamkatika. Yupo mhubiri mmoja aliyenung'unika kwamba watu walisema "Amina" baada ya Abner badala ya kusema baada yake. Alisahau kuwa akina mama waliokaa mbele kwenye nyasi hawakuwa wameelewa neno hata moja mpaka lilipopita kinywani mwa huyo Abner.

Alikuwa na sifa nyingine tena, na hii ndiyo iliyompa heshima kuliko ufasaha wake. Alijua kuruka. Maandiko yana mahali pa aibu, tusidanganyane, na mhubiri wa kutoka mbali hajui nani ameketi karibu na nani. Huku kwetu, kati ya mkwe na mama mkwe, kati ya baba na binti yake, kuna chinsoni, ile haya ya heshima isiyoruhusu mambo ya mwili kutajwa wakiwa mahali pamoja. Mwaka mmoja mgeni alihubiri juu ya Nuhu na divai yake, akaueleza uchi wa yule mzee kwa kirefu, kisha akarudia kama vile hakusikika. Abner aliwatazama wakwe za watu waliojaa pale, akasema kwa Kigusii kwamba Nuhu alilala vibaya. Basi. Watu walielewa walichopaswa kuelewa, na hakuna aliyelazimika kuinamisha kichwa. Wazee walimshika mkono baadaye wakamwambia kwamba amelelewa.

Aliyekuwa akimtania ni mkewe peke yake, Orpah. Walipokuwa wakichuma chai, kila mmoja na mstari wake, Orpah angemwambia kwamba siku ya hukumu malaika watafute mkalimani mwingine, maana huyu ataruka nusu ya dhambi za watu. Abner angecheka na kuendelea kuchuma. Hawakuwa watu wa kugombana, wale wawili, na binti yao Abigael alikuwa akisoma shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani utani ulikuwa wao peke yao.

Mwaka jana, mvua ndefu zilipoanza, Orpah aliumwa tumbo. Alikunywa maji moto, akalala kifudifudi, akasema litapita. Halikupita. Tumbo lilijaa likawa gumu, akatapika mpaka hakuna cha kutapika, na Abner akaomba gari la jirani wakampeleka hospitali huko Kisii. Daktari alisema utumbo umejisokota na sehemu yake imekosa damu. Walimpasua, wakakata kipande kilichoharibika, wakaunganisha kilichobaki. Kisha daktari akamweleza Abner kwa Kiswahili cha taratibu kwamba mshono wa ndani bado ni mchanga na utumbo umelala, kwa hiyo mgonjwa asipewe chakula wala maji mpaka utumbo uamke. Abner akauliza watajuaje kwamba umeamka. Daktari akasema mgonjwa atatoa hewa kwa chini, na hiyo ndiyo habari njema wanayoingoja wote. Abner alielewa vizuri kabisa. Hilo ndilo lililomnyima kisingizio baadaye, kwamba alielewa.

Baada ya siku chache mama yake Orpah alifika kutoka Ikonge. Nyakerario ni mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, aliyemzika mume na watoto wawili bila kuacha kuchuma chai yake, na Kiswahili chake kinaishia sokoni. Alikuja na leso mpya ya kumfunika bintiye na chupa ya uji wa wimbi aliousaga mwenyewe. Alikaa upande mmoja wa kitanda. Abner akakaa upande wa pili, amesogeza kiti nyuma kidogo kama inavyompasa mkwe, wakazungumza juu ya mvua. Orpah alikuwa amesinzia kwa dawa ya maumivu, midomo imemkauka.

Ndipo akaja sista wa zamu, binti mchangamfu wa Ukambani ambaye hakujua kusema kwa sauti ndogo.

"Baba, huyu mgonjwa wetu ametoa hewa?"

Mama mkwe alimwinamia akamuuliza kwa Kigusii, huyu mtoto anasema nini? Kitanda cha jirani kilikuwa kimya, kitanda cha mbele yake kilikuwa kimya, na Nyakerario alikuwa akimtazama usoni akingoja tafsiri yake. Kinywa cha Abner kikafanya kazi kiliyoizoea. Akamwambia kwamba sista anauliza kama Orpah anapumua vizuri.

"Mwambie ndiyo," Nyakerario akasema, akiweka kiganja karibu na pua ya bintiye. "Pumzi yake ni nzuri. Naisikia hapa."

Abner akageuka. "Ndiyo, sista," akasema.

Sista alifurahi. Alisema basi, kama daktari alivyoagiza, wanaweza kumwanzishia uji mwepesi, vijiko vichache kwanza. Hayo Abner aliyafasiri yote bila kuruka hata neno. Nyakerario akafungua chupa. Orpah alifumbua macho, akaonja, na kiu ya siku zote zile ikaamka, akaomba kingine, na kingine, mpaka kikombe kikabaki kitupu. Mama yake alikuwa na furaha ya mzazi anayelisha. Abner aliona kila kijiko kikiingia. Alijiambia kwamba huenda hewa ilishatoka Orpah akiwa usingizini, nani angejua. Akajiambia kwamba kama haijatoka, itatoka tu. Mlango wa wodi haukuwa mbali. Angeweza kumfuata sista nje akamwambia kando neno moja bila mkwe kusikia. Hakuinuka, kwa sababu mama mkwe angeuliza anakwenda wapi.

Kulipokucha Orpah alikuwa na homa na rangi yake imegeuka, na tumbo limerudi kuwa gumu. Kabla ya mchana walikuwa wamemrudisha chumba cha upasuaji. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Safari hii walitoa ncha ya utumbo nje ya tumbo, wakaibandikia mfuko wa kupokea choo, na jeraha la mbele wakaliacha wazi lizibe lenyewe kutoka chini, kwa kuwa ndani kulikuwa na usaha. Daktari alisema kupona kutachukua miezi, na mfuko utakaa mpaka mwili upate nguvu za kupasuliwa tena. Abner alimvizia ukumbini akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni uji. Daktari alijikuna shingo akasema inawezekana, na inawezekana pia mshono ungeachia hata bila uji, kwa sababu utumbo wenyewe ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Abner aliishika ile "inawezekana" ya pili, akaenda nayo kila mahali, na kila alipojaribu kuiegemea ilimwangusha.

Ikaanza miezi ya hospitali. Majani ya chai yalikomaa shambani, jirani akayachuma kwa nusu yake, Abner hakuuliza nusu ipi. Alijifunza kukata tundu la mfuko likae sawa na ile ncha ya utumbo, kusafisha ngozi bila kuichubua, kumgeuza mgonjwa bila kuvuta jeraha. Alimwosha mkewe kichwa mpaka miguu nyuma ya pazia, akafua nguo zake kwenye bomba la nje pamoja na wanawake waliokuja kuuguza, akaanika. Orpah alipoanza kusimama, alimshika kiunoni wakatembea kutoka kitandani hadi dirishani, wakarudi. Siku jeraha lilipotoa harufu mbaya alikaa karibu zaidi, ili mkewe asidhani anakimbiwa.

Na ule mfuko hauna adabu. Hewa hutoka humo ipendapo, kwa mlio wake, na mwenyewe hawezi kuizuia. Neno aliloshindwa Abner kulitamka mara moja sasa lilijitamka mchana kutwa, mchungaji akiwa katikati ya maombi, mashemeji wakiwa wamesimama na kofia mkononi, kwaya ya Sabato ikiwa imevuta pumzi kabla ya ubeti. Mwanzoni Orpah alikuwa akigeukia ukuta akilia. Abner alikuwa akikohoa kwa nguvu kuufunika ule mlio, mpaka siku moja Orpah akamwambia aache, watu wataanza kudhani yeye ndiye mgonjwa wa kifua. Wakacheka wote wawili, Orpah akishika tumbo kwa maumivu. Abner alipotoka kumwaga maji alisimama nyuma ya jengo akalia, kwa maana mkewe alikuwa amemchekesha na hakujua anamchekesha nani.

Wanawake wa wodi walimpenda. Walisema hawajaona mwanamume wa namna hiyo. Waume zao walikuja mara moja na ndizi, wakaangalia saa, wakaondoka. Mmoja wao, mama mmoja kutoka Nyaramba aliyevunjika nyonga, alimwita bintiye amtazame Abner vizuri ili ajue cha kumwomba Mungu. Habari zikafika kanisani. Wazee waliagiza kwamba mambo yakitulia asimame siku ya familia awashuhudie vijana. Kila sifa ilipomjia, Abner aliinamisha kichwa, na watu wakaongeza kuwa tena ni mnyenyekevu. Alianza kuzichukia sifa hizo kama mtu anavyochukia jiwe ndani ya kiatu. Na bado kesho yake aliosha kwa bidii zaidi.

Lawama, kwa upande wake, ilikuwa imepata mahali pa kulala tangu siku ya kwanza. Haikuhitaji kutafuta sana. Mgonjwa alikuwa akiendelea vizuri, mama yake akaja na uji, mgonjwa akapasuliwa tena. Hesabu ya namna hiyo hata mtoto anaijumlisha. Onyiego, kaka mkubwa wa Orpah, alimwambia mama yake asikanyage tena hospitali, na Nyakerario hakubisha. Alisema mkono wake mwenyewe ndio ulioshika kijiko. Pale Ikonge maneno yakaongezwa chumvi. Kwenye matanga ya jirani watu waliruka sufuria aliyopika Nyakerario, wakapakua kutoka kwa wengine, na sufuria yake akaibeba kurudi nyumbani ikiwa imejaa. Huku kwetu maneno ya uchawi ya aina hiyo juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake huwa hayaishii midomoni. Yameshachoma nyumba za watu. Abner alilijua hilo, Onyiego alimsimulia yeye mwenyewe, na Abner akatikisa kichwa akasema watu ni wabaya.

Orpah alikuwa akiuliza mbona mama haji. Abner alimwambia magoti yanamsumbua. Akamwambia mvua. Akamwambia chai imekomaa na wachumaji hawapatikani. Orpah akaacha kuuliza, na Abner akashukuru, wala hakufikiri ni kwa nini ameacha.

Si kwamba hakutafuta njia. Jambo la mwili likimshinda mtu wa huku kwa mkwe wake, hutafuta mwingine wa kulipeleka, na mjukuu ndiye anayefaa, kwa kuwa kati ya bibi na mjukuu hakuna chinsoni. Hao hutaniana mpaka majirani wazibe masikio. Abigael alipofunga shule na kuja kumwona mama yake, Abner alimtoa nje wakakaa kwenye benchi. Akaanza kwa kuuliza masomo. Akaingia kwenye hali ya bibi yake. Akakaribia pale penyewe, na Abigael akamtazama kwa macho ya Orpah, akisubiri, na Abner akakumbuka kwamba baba na binti nao ni hivyo hivyo. Akampa nauli ya kurudia, akamwambia asome kwa bidii.

Kisha ikafika siku ambayo Orpah alitembea peke yake mpaka dirishani, akakaa kwenye kiti, akamwita mumewe. Jeraha lilikuwa limeshaanza kujiziba. Daktari alikuwa amezungumza juu ya kwenda nyumbani kwa muda, kabla ya operesheni ya kuurudisha utumbo ndani. Orpah alikuwa amepungua mpaka mifupa ya shingo inaonekana, lakini uso wake ulikuwa na utulivu ambao Abner hakuwa ameuona tangu Kebirigo.

Alisema amewaza sana juu ya mama yake. Alisema haikuwa magoti wala mvua, yeye si mtoto, wanawake wa kwao walimweleza zamani. Alisema kwa muda alikuwa na hasira, si kidogo, na alikuwa ameapa kwamba hataweka kitu mdomoni tena kilichotoka kwa mama yake. Lakini mtu akikaribia kufa anaona mambo kwa namna nyingine.

"Nimemsamehe Mama kwa ule uji," akasema. "Nenda Ikonge umwambie. Mwambie kwa maneno mazuri, wewe unajua. Mwambie aje."

Abner alisema sawa. Hakuna kingine alichoweza kusema. Kesho yake alivaa koti la Sabato akaenda Ikonge, na njia nzima alikuwa akiutazama ule ujumbe kwa pande zote. Ulikuwa mzuri mno. Angeufikisha, mama mkwe angelia, angefuta machozi, angekuja. Mama na binti wangekumbatiana, Onyiego angenyamaza, na wale wa sufuria wangeona binti mwenyewe akila kwa mama yake na wangepoa. Kila mtu angepata haki yake, ila haki ya Nyakerario ingekuwa ya kusamehewa kosa la mtu mwingine. Hata uongo wa kuongeza haukuhitajika. Ilikuwa ni kufasiri tu, kwa uaminifu, kama alivyotumwa.

Alimkuta Nyakerario akianika wimbi kwenye turubai uani. Alikuwa amezeeka. Alimkaribisha Abner kwa heshima yote, akamtolea kiti akakiweka mbali na chake, akauliza habari za Abigael, akaishia hapo, kwa kuwa hakujipa tena haki ya kuuliza habari za Orpah. Abner akamwambia Orpah anatembea. Akamwambia jeraha linafunga. Akamwambia Orpah amemtuma neno, kwamba amemsamehe, na anamwomba aje.

Nyakerario aliweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka hapo hapo, bila sauti, yakashuka kwenye mikunjo ya uso, naye akaacha yashuke.

"Amenisamehe?" akauliza. "Alisema hivyo kwa kinywa chake? Nyasae awabariki, Baba Abigael. Mkono wangu huu, kila siku naukalia nisiuone."

Abner angeweza kusema ndiyo. Alishasema ndiyo moja kwenye suala hili hili na haikumshinda. Lakini yule mzee alikuwa amekunja ngumi ya kulia akaificha chini ya leso, kweli kabisa, kama aliyezoea, na kitu fulani kifuani mwa Abner kikakataa. Aliinuka kwenye kiti. Hakujua mtu asimame au aketi kwa jambo la namna hii, kwa sababu hakuwa amewahi kuona mtu akilifanya.

"Mama," akasema, "siku ile sista hakuuliza kama anapumua. Aliuliza kama amejamba."

Alilitaja kwa Kigusii, neno lenyewe, lile la watoto na la walevi, kwa sababu alijua akitafuta jingine atakuwa ameruka tena. Kuku waliendelea kudonoa kando ya turubai. Nyakerario alijifunika uso wote kwa leso. Abner alidhani ataingia ndani na kufunga mlango, na angekuwa na haki, lakini alibaki pale pale amejifunika, na Abner akaendelea kuongea na ile leso. Alimweleza aliyoyasema daktari kabla: kwamba hewa ile ndiyo ishara ya utumbo kuamka, kwamba bila hiyo mgonjwa hapaswi kupewa hata maji. Akamweleza kwamba yeye aliyajua hayo yote alipokuwa ameketi pale akimtazama akifungua chupa. Alisema hakujua kama hewa ilitoka au haikutoka, hakuwa amemuuliza mtu, na alisema ndiyo kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa karibu.

Leso ilishuka. Macho ya Nyakerario yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yameshaacha kulia.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, Mama."

"Nilikuuliza huyu mtoto anasema nini, ukaniambia ni pumzi. Kama ungenyamaza ningejua ni jambo la aibu, ningetoka nje. Mimi ni mama, nimezaa saba. Unadhani ningekufa kwa kusikia neno?"

Nyakerario aliinama akasawazisha wimbi kwa kiganja, huku na huku, mpaka likalala sawa, na Abner akaona kwamba ni mkono wa kulia. Kisha akasema msamaha huo yeye hautaki, Abner aurudishe kwa mwenyewe. Atakwenda Kisii, lakini hatakwenda kama mtu aliyesamehewa. Na kabla ya kwenda, Abner atapita kwa Onyiego na kuyasema hayo aliyoyasema hapa, yote, bila kuyapamba.

Wakapita kwa Onyiego. Lilikuwa jambo la kutisha kuliko lile la kwanza, mwana na mama yake wamesimama ua mmoja na neno lile likipita kati yao, na Onyiego, mtu wa sauti kubwa, aliangalia vidole vyake vya miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Abner alingoja ngumi. Angeipokea. Onyiego hakumpiga wala hakumtukana. Alimgeukia mama yake, akapiga magoti kwenye tope akaanza kumfuta viatu kwa shati lake, ili aende hospitali akiwa safi.

Walifika wodini wakati wa kuona wagonjwa ukikaribia kwisha. Orpah alipomwona mama yake mlangoni alinyoosha mikono yote miwili, na Nyakerario akasimama palepale mwisho wa kitanda, hakusogea. Alimwambia, mume wako ana neno, msikilize kwanza, halafu uniite ukitaka. Kwa mara nyingine Abner akasimama kati ya watu wawili, akiwa na maneno ambayo safari hii yalikuwa yake. Aliyasema. Alilitaja neno mbele ya mama mkwe na mbele ya mkewe. Mama wa Nyaramba kwenye kitanda cha pili alikuwa akisikiliza waziwazi, na Abner hakushusha sauti.

Alipomaliza, Orpah alimuuliza kama alijua tangu siku ile. Abner akasema tangu siku ile. Akamuuliza kama alijua alipomtuma Ikonge. Abner akasema alijua. Orpah akatazama pembeni kidogo, akavuta pumzi, kisha akamwita mama yake kwa ishara ya mkono, na Nyakerario akaja akakaa kitandani, wakashikana, yule mkonde na yule mzee, wakilia kila mmoja kwenye bega la mwenzake. Abner alisimama. Ilikuwa saa ya kumwosha mgonjwa, na beseni la maji ya moto lilikuwa limeshaletwa. Kwa kukosa la kufanya, na kwa mazoea ya miezi, aliinama akachukua kitambaa, akakitia majini, akakikamua, akasogea kuvuta pazia.

Orpah alimshika kifundo cha mkono. Hakushika kwa nguvu, nguvu hizo hakuwa nazo.

"Miezi yote hii," akasema, "ulikuwa unaniosha mimi, au ulikuwa unajiosha wewe?"

Abner alitafuta jibu kwa Kigusii, akalitafuta kwa Kiswahili, na hata kwa kile Kiingereza chake cha shule. Orpah alimngoja, kwa kuwa alikuwa ameuliza kweli. Mwishowe Nyakerario aliinuka, akakichukua kile kitambaa mkononi mwa mkwe wake, akakunja mikono ya gauni na kumwambia kwa upole atoke nje kidogo, wamalize. Pazia likavutwa. Abner akaenda kusimama ukumbini karibu na mlango, mahali ambapo wangemwona kwa urahisi kama wangemhitaji.